Kiapo Changu kwa Goti la Kioo

Mara ya mwisho mliniacha nikivuka daraja la Mbita kutoka Rusinga, mguu mmoja kiatu, mguu mwingine ndala, baada ya kufukuzwa kwenye kazi ya kupaka mitumbwi rangi. Mwenye mitumbwi alikuwa na wake wawili, nami niliandika jina la mke mdogo kwenye mtumbwi wa mke mkubwa. Shule yangu ni ya vipande vipande, darasa hapa, darasa pale. Kuandika najua. Kinachonishinda ni kuuliza kwanza.

Basi niliingia Awendo nikiwa na njaa na mdomo. Njaa ilipona. Mdomo ndio ulioniponza, na leo nauanika hadharani mwenyewe kabla hamjaanikiwa na wengine.

Awendo nilikuwa daktari wa timu. Msicheke. Au chekeni, ni haki yenu.

Timu yenyewe ni Miwa Stars. Mkata miwa mmoja aliteguka kifundo, nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi, na kesho yake akatembea. Nadhani angetembea hata bila mimi. Lakini kocha Elkana aliniita akaniuliza, "Mzee Ombui, haya umesomea wapi?"

"Hospitalini," nikamjibu.

Sikudanganya. Nilifagia chumba cha kunyoosha viungo mwaka mzima, mlango ukiwa wazi na macho yangu yakiwa wazi.

Ila elimu yangu ya kweli ya miguu nilipewa na Nchagwa, mchuuzi wa ng'ombe wa Kehancha niliyemswagia mifugo mnadani enzi za nguvu zangu. Nchagwa alikuwa akisema, "Fahali mwenye mguu mbovu akienda mbele hutamjua, Ombui. Mgeuze ghafla. Kulia, halafu kushoto. Mguu mbovu unaogopa kugeuka. Atazunguka polepole kama lori kwenye uchochoro."

Wekeni hilo la lori akilini. Litarudi.

Sasa mjue Kioo. Jina lake ni Willis Otieno, mshambuliaji, miaka ishirini na minane. Jina la Kioo alipewa na mashabiki, kwa sababu ukimtazama vibaya anavunjika. Goti la kushoto.

Mara ya kwanza alienda kwa mganga wa Sirare, akarudi na hirizi na kusema amepona. Alicheza dakika kumi na moja. Mara ya pili aliombewa kwa siku saba. Alicheza nusu ya kwanza, akatolewa kwa machela. Mara ya tatu alifungwa mashine ya umeme, akaumia akirukaruka kushangilia bao la mwenzake. Mara ya nne hakufika uwanjani. Alianguka akishuka kwenye pikipiki iliyokuwa imesimama.

Kwa hiyo alipokwenda redioni mwaka huu akasema yuko fiti asilimia mia na ishirini, mnaweza kufikiria mapokezi.

Tulikuwa kwenye kibanda cha chai cha Leonida. Nicanor, fundi wa kuchomelea vyuma na mwenyekiti wa mashabiki, aliingia akipuliza vuvuzela ndani ya nyumba ya watu.

"Mmesikia? Kioo amepona tena!"

"Mara ya ngapi?" mtu akauliza.

"Ya tano. Hata Lazaro alifufuka mara moja tu!"

Kibanda kikalipuka.

"Asilimia mia na ishirini," Nicanor akaendelea, akifuta machozi ya kicheko. "Hiyo ishirini iliyozidi ni ya hospitali, ama?"

Nami nina ugonjwa mmoja mbaya kuliko wa goti. Watu wakicheka kwa maneno ya mwingine, nawashwa. Nikaweka kikombe chini nikasema, "Huyo siku akipewa kona, ambulensi iitwe kabla hajapiga. Ikifika itamkuta tayari."

Wakacheka zaidi ya walivyomchekea Nicanor. Nikahisi joto tumboni, tamu kuliko chai.

Leonida alitua sahani ya mandazi mbele yangu kwa kishindo. Sijawaambia: Leonida ndiye mama mzazi wa Willis. Tulikuwa tukimtafuna mtoto wake huku tukinywa chai yake.

"Nyinyi wanaume," akasema, "mkiumwa kichwa siku mbili mnaita ndugu kutoka Nairobi waje waage. Huyu ameumia mara nne na bado anaamka saa kumi na moja kukimbia. Nani kioo hapo?"

"Usikasirike, Min Willis," Nicanor akamwambia. "Tunampenda. Ila kupenda na kuamini si boma moja."

Hapo hapo Willis mwenyewe akaingia. Mrefu, mpole, kofia mkononi.

"Hamjambo wazee?"

"Simama polepole, omera, ndugu yangu," Nicanor akamwonya. "Kuna upepo."

Kijana alisubiri kicheko kiishe, kama mtu anayesubiri mvua ipite chini ya paa la jirani.

"Nimepona," akasema. "Miezi minane sijagusa mpira. Nimefanya mazoezi ya goti kila siku asubuhi. Jumamosi tunacheza na Mbuta FC kule Sindo, na kuna mwalimu wa timu moja ya Kisumu anakuja kuniangalia. Amesema ni mara hii tu. Umri wangu mnaujua."

Kila mtu akamtazama Elkana, aliyekuwa mezani nasi. Kocha alikuna kidevu. Yeye ni mtu mwema, lakini uti wake wa mgongo ni wa uji.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini lori la kutupeleka Sindo ni la mashabiki. Mara ya mwisho nilipompanga waliniambia nirudi kwa miguu. Wakikubali, nitampanga."

"Tukubali nini?" Nicanor akadakia. "Cheti cha hospitali? Ana vyeti kuliko mwalimu mkuu! Hapa tuna daktari wetu. Jaduong', mzee wetu, sema wewe. Tutajuaje?"

Macho yote kwangu. Ningeweza kusema, nitamwangalia goti kesho, niwaambie. Ndiyo kazi niliyopewa. Lakini nani atacheka kwa jibu kama hilo?

Nikasimama.

"Goti lililopona linabeba," nikasema. "Kesho kuna trekta inapakia miwa shambani nyuma ya uwanja. Apande ubao na mzigo begani kama wapakiaji. Mara tatu. Akishuka kwa miguu yake, ni mchezaji. Akishuka kwa makalio, tumpe sinia auze mandazi ya mamake."

Walipiga meza mpaka vikombe vikahama.

Anayepakia miwa Awendo anajua ninachosema. Mzigo ni wa mtu mzima. Ubao umeegemezwa kwenye trela, mwembamba, umejaa majani yanayoteleza. Na kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: mzigo ukishapanda begani, hautuliwi njiani. Ukiutua, utaitwa jina la mwanamke msimu mzima.

Willis alinitazama. "Hayo ndiyo unayoyataka, Mzee Ombui?"

"Si mimi ninayetaka. Ni watu."

Uongo mtupu. Watu hawakuwa na wazo hilo mpaka nilipowapa.

*

Asubuhi yake Willis alibisha kwenye chumba changu kabla sijanawa uso.

"Mzee, kabla ya miwa, niangalie wewe. Wewe peke yako."

Nikamtoa uani. Nikamwambia akimbie mbele. Akakimbia. Nikapiga kofi: "Kulia!" Akageuka hapo hapo kama kisu. "Kushoto!" Akageuka. Nikampigia makofi ya kushtukiza, kulia, kushoto, kushoto, kulia. Jasho likamtoka, mimi likanitoka. Nikapapasa goti lenyewe, nikalikunja, nikalikunjua.

Nchagwa angemnunua bila kupunguza hata senti.

"Umepona," nikasema. Neno lilinitoka dogo.

Uso wake ulifunguka. "Sasa waambie, mzee! Waambie, tusiende kwa miwa."

Na hapa ndipo penye aibu yangu yote. Nilijua. Hakuna binadamu mwingine Awendo aliyejua kama nilivyojua. Ilikuwa nitoke, niwaambie mashabiki, Jamani, nimempima, mzaha umekwisha.

Lakini nje nilisikia vuvuzela. Nicanor alikuwa ameshakusanya watu, na walikuwa wakiliimba jina langu. Mzee mimi, miaka sitini na tisa, nimefukuzwa kila mji kuanzia Isebania mpaka Sindo, na siku hiyo mtaa mzima unaliimba jina langu.

"Wamekuja kuona," nikamwambia Willis. "Goti ni zima. Mizigo mitatu ni nini? Wape wafurahi."

*

Walikuwa kama mia mbili. Wengine walipanda juu ya trekta. Mmoja alileta bandeji na kumwonyesha Willis kwa mbali kama mtu anayemwita kuku kwa mahindi.

Mzigo wa kwanza alipanda kama anakwenda kanisani. Kimya.

Wa pili, mtu akapiga kelele, "Kioo, angalia ufa!" Hakuna aliyecheka sana. Walishaanza kuwa na wasiwasi, maana si raha kudharau mtu anayefaulu.

Mzigo wa tatu, katikati ya ubao, mguu wa kushoto ulikanyaga jani.

Ulikuwa mtelezo mdogo. Mtu mwingine yeyote angetupa mzigo akarukia chini. Yeye hakuutupa, kwa sababu ya sheria ile, na kwa sababu ya jina la mwanamke, na kwa sababu yangu. Akaushikilia, goti likapinda kwa ndani, likabeba uzito wote wa miwa na wa mtu, halafu likanyooka. Akamaliza ubao. Akautupa mzigo ndani ya trela na kuinua mikono.

Shamba lililipuka. Nicanor alilia, naapa, alilia machozi, akapiga magoti kwenye majani ya miwa: "Kioo ni chuma! Mimi ni mbwa, nisamehe!"

Mimi nilikuwa nikitazama miguu. Kijana alishuka ubao sawasawa. Watu wa kulia wakamwita, akageuka. Watu wa kushoto wakamwita.

Akazunguka polepole. Kama lori kwenye uchochoro.

Nilimvuta nyuma ya trela nikijifanya namfuta jasho. Goti lilikuwa limeanza kujaa chini ya kiganja changu.

"Limekwenda, Willis."

"Najua."

"Tumwambie Elkana."

Akanishika mkono. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Asubuhi uliniambia nimepona. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli. Asubuhi."

"Basi waambie maneno ya asubuhi. Mwalimu wa Kisumu hatakuja tena, mzee. Nipe dakika ishirini tu Sindo. Nikienda mbele tu, nikipiga tu, hakuna atakayejua. Una deni... hapana, sitaki kusema una deni. Nakuomba."

Nicanor alikuwa ameshanipandisha kwenye trela. "Daktari aseme! Daktari aape!"

Na mimi, niliyekaa kimya goti likiwa zima, nikafungua mdomo likiwa bovu.

"Goti hili ni zima," nikapaza sauti. "Na kama nasema uongo, mimi Ombui nisizikwe kwetu. Nizikwe njiani, na waliokuja mazishini wasijue jina langu."

Kwetu huku, mtu aliyezunguka dunia kama mimi hana mali nyingine. Ana shimo moja tu linalomngoja nyumbani kwa baba yake, na mimi nilikuwa nimeliweka rehani. Wakaamini. Hata Leonida, aliyekuwa nyuma ya umati na kitambaa chake cha mikono, aliamini. Alikuja akanipa mkono kwa mara ya kwanza tangu nifike Awendo.

"Asante, Ombui," akasema. "Mdomo wako leo umefanya kazi ya mtu."

Ningependa kuwaambia nililia. Nilikunywa chai ya bure mchana kutwa.

*

Jumamosi tukashuka Sindo, lori limejaa, vuvuzela zinanguruma, na watu wale wale waliomwita Kioo sasa wanamwita Chuma. Ndivyo shabiki alivyo. Ana shingo ya kinyonga na kumbukumbu ya kuku.

Lakini watu wa Sindo hawakuwa kwenye shamba la miwa. Wao walikuwa na habari za zamani, na walikuwa wamejiandaa.

Mnajua Mluo akifa mtu mzima, wanaume huswaga ng'ombe wakikimbia na mikuki na matawi, wakiimba, kukifukuza kifo nje ya boma. Huitwa tero buru. Sasa mashabiki wa Mbuta FC walikuja uwanjani na fahali wawili, matawi vichwani, wakazunguka mistari ya uwanja wakiomboleza goti la Willis. Wa mbele alibeba mguu wa kiti umefungwa bandeji.

"Wuololo! Goti limetuacha!" mmoja analia.

"Lilikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na nane, lakini lilicheza kumi na moja!"

"Dakika!"

Hata refa alicheka. Watu wetu walijibu kwa hasira. Nicanor alisimama juu ya ndoo: "Daktari ameapa! Ameapa kwa kaburi lake! Nyinyi mna kiapo?"

Nilitamani ardhi inimeze, nikakumbuka kwamba ardhi nimeshaikataa kwa mdomo wangu.

Mwalimu wa Kisumu alikuwa amekaa kivulini, daftari gotini, peke yake. Leonida alikuwa mstari wa upande wa kushoto na chupa yake ya chai. Willis alikaa kwenye benchi. Goti tulikuwa tumelifunga chini ya soksi ndefu, mimi na yeye, mlango umefungwa.

Kipindi cha kwanza, sufuri kwa sufuri. Kipindi cha pili, vivyo hivyo. Dakika ya sabini, Elkana akageuka kwenye benchi.

"Willis. Pasha moto."

Kijana akavua jaketi. Alikimbia mbele, akarudi kwa kuzunguka upana wa nyumba. Hakuna aliyeona. Waliokuwa wakiona ni mimi na wale fahali.

Alipopita mbele yangu alinong'ona, "Nikienda mbele tu, mzee."

Na ndipo nilipoona kitu ambacho kwa siku tatu nilijifanya kutokiona. Mpira hauulizi mtu anataka kwenda wapi. Akivunjika leo hapa, mara hii hatarudi kusema amepona. Hatapata hata nafasi ya kudharauliwa tena.

Nikamshika Elkana mkono. "Usimwingize."

"Nini?"

"Goti limekufa. Lilikufa kwenye ubao wa miwa. Niliapa uongo."

Elkana alinitazama sekunde moja. Halafu meno yake yakaonekana.

"Mzee Ombui!" akasema akicheka. "Hata leo?"

"Si mzaha, Elkana! Goti halipo!"

Nicanor alinisikia kutoka kwenye ndoo yake. Akageukia mashabiki wetu na kupaza sauti, "Mmesikia Jaduong'? Anasema goti limekufa! Anawacheza watu wa Sindo!"

Wakacheka. Benchi likacheka. Wachezaji wa akiba wakacheka. Ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyoshika mbavu. Mtu akanipigapiga mgongoni: "Ee, daktari, wewe utatuua."

Miaka sitini na tisa nimewafundisha watu kunicheka. Walikuwa wamefuzu.

Refa akapuliza. Willis akaingia.

Nikakimbia kuzunguka goli kwa ndala zangu, mpaka upande wa kushoto. Leonida peke yake hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili.

"Ombui," akasema, "nimeona mdomo wako unavyotetemeka. Ule ni mzaha?"

Ningeweza kumpa jibu lingine. Hata yeye alikuwa ameniamini siku niliyodanganya.

"Si mzaha, Min Willis. Mimi ndiye niliyelivunja."

Chupa ikaanguka. Leonida akaingia mstarini, akaweka mikono mdomoni, akaita jina la mwanawe kwa sauti iliyozima vuvuzela zote za Awendo na vilio vyote vya Sindo.

"Willis!"

Wakati huo huo kiungo wetu alikuwa amepiga mpira mrefu. Willis alikuwa peke yake, beki mmoja tu mbele yake, na mwalimu wa Kisumu amesimama na daftari lake. Mpira ukapita juu ya kichwa chake, ukatua nyuma ya bega.

Upande wa kushoto. Alikokuwa mama yake.

Akageuka.